Mrejesho: g yangu imefika 9.8

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kwa nini pendulamu yangu ya kufuli (kufuli linaloning'inia kwenye kamba na kubembea) inatoa g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ya 9.4 badala ya 9.8 m/s². Asanteni sana.

Uliyesema nipime urefu hadi katikati ya kufuli, si kwenye fundo, Mungu akubariki. Zile sentimita 4 kati ya fundo na katikati ya kufuli ndizo zilizoniponza! Kamba ya katani nayo ilikuwa inajisokota, nikaweka mshipi wa kuvulia. Sasa kwa mita 1 kamili, kwenda na kurudi mara 20 ni sekunde 40.1, yaani g ni 9.8. Nimerudia mara tatu.

Ushauri wa kupimia barazani umegoma: huku Tanga upepo wa baharini unaiyumbisha, nimehamia ndani. Grafu yangu ya urefu wa kamba na mraba wa muda wa mbembeo mmoja bado haipiti kwenye sifuri kama inavyotakiwa, naendelea nayo.