Jumamosi katika Makumbusho ya Reli: watoto waanzie wapi?

Mama wa Umoja
Hamjambo ndugu zangu. Jumamosi ijayo nakusudia kuwapeleka wanangu, wa miaka 8 na 11, katika Makumbusho ya Reli karibu na stesheni kuu ya Nairobi. Mwaka jana tulizuru makumbusho mengine, wakapita mbele ya kabati za vioo upesi upesi, kisha wakaanza kudai chakula. Safari hii ningependa waione historia ikiwa hai. Je, ni kweli kwamba behewa la simba wa Tsavo limehifadhiwa huko?

Mwalimu wa Historia
Dada, anzieni uani, kwenye magarimoshi ya mvuke. Simameni kwa muda mrefu mbele ya nambari 5918, Mount Gelai, mojawapo ya yale ya aina iitwayo daraja la 59, yaliyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Lina uzito wa tani 250 hivi, na bado liliweza kupinda kwenye kona kali za reli yenye upana wa mita moja tu, kwa sababu boila yake imebebwa katikati ya seti mbili za magurudumu, kila moja ikiwa na injini yake. Waache watoto wazitafute wenyewe seti hizo kabla hujawaeleza.

Kuhusu behewa, visa hivyo ni viwili, na wengi huvichanganya. Simba wa Tsavo waliwaua wajenzi wa reli mwaka 1898, na mabaki ya simba hao yamo katika makumbusho ya Chicago, Marekani. Behewa lililoko Nairobi ni lile ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi, aliuawa na simba mwingine huko Kima mwaka 1900, alipokuwa akimvizia usiku, usingizi ukamshinda.

Mzaliwa wa Muthurwa
Naongeza jambo moja: mtafuteni mzee aliyefanya kazi relini mwende naye. Marehemu baba yangu alikuwa mchochea moto, na siku aliponipandisha katika chumba cha dereva hakunisomea kibao chochote. Alishika vali moja baada ya nyingine, akanionyesha alivyoutambua moto mbaya kwa rangi ya moshi.

Mama wa Umoja
Ahsanteni sana. Baba mkwe wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, na sijawahi kumwuliza habari zake. Nitampigia simu leo jioni.