Naomba ushauri: dada anakuja kutoka Uingereza, jino atibiwe Tanga, Dar au Mombasa?

Wakuu habari, na shikamooni wakubwa. Dada yangu anaishi Uingereza, mwezi ujao anakuja Tanga kwa wiki tatu. Gego lake la chini limeoza hadi kwenye kiini. Kule wamemzibia kwa muda tu. Kumpata daktari wa meno wa NHS (huduma ya afya ya serikali kule) anayepokea wagonjwa wapya ni kazi kweli, na hospitali za binafsi bei haishikiki. Anatafunia upande mmoja, usiku hapati usingizi bila dawa ya maumivu.

Sitaki ling'olewe, bado ni kijana. Anahitaji kusafishwa mizizi kisha avalishwe kofia (kifuniko kigumu cha kulilinda jino), maana gego lililotolewa kiini likiachwa hivihivi hupasuka kirahisi. Kofia nayo hupimwa kwanza ndipo itengenezwe maabara. Je, wiki tatu zinatosha?

Nafikiria hospitali ya Bombo hapa Tanga, Muhimbili ya Dar, au tuvuke mpaka wa Horohoro twende Mombasa. Aliyewahi kuvalishwa kofia hapa Tanga mjini anisaidie: ilitengenezwa hapahapa au ilitumwa Dar? Ulilipa kiasi gani? Na picha za eksirei ulipewa uondoke nazo? Daktari wa kule atazihitaji jino likisumbua tena.