Majirani wa Ilazo, Dodoma: mtoto wa mbwa na upele usioisha

Mama Glory: Habari za jioni majirani. Shikamoo Mzee Chitema. Huyu mtoto wa mbwa tuliyemchukua kumlea ananyonyoka manyoya kuzunguka macho, pembeni mwa mdomo na miguu ya mbele. Umri miezi mitatu na nusu, uzito kilo 4. Alichomwa sindano, akatulia, sasa imerudi na vipele vya usaha juu.

Mzee Chitema: Marahaba mwanangu. Mpake oili chafu ya gari siku tatu, upele wote unakauka.

Dokta Upendo: Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo hapana. Mbwa hulamba kila anachopakwa. Ile oili ina mabaki ya petroli na madini mazito, anaimeza huku nyingine ikipita kwenye vidonda, ini na figo vinaumia. Na kama ni wadudu wanaoishi ndani ya vinyweleo, oili ya juu haiwafikii.

Mama Glory, nijibu haya: anajikuna sana? Kingo za masikio zina magamba? Kuna mtu nyumbani anawashwa? Na hiyo sindano ilikuwa ya nini?

Mama Glory: Hajikuni kivile. Masikio safi. Hakuna anayewashwa. Kwenye kadi wameandika ivermectin na dexa.

Dokta Upendo: Basi ninavyohisi ni demodeksi, utitiri mwembamba anayeishi kwenye mzizi wa unyoya. Mtoto huupata kwa mama yake siku za kwanza anaponyonya. Mbwa karibu wote wanao wachache bila shida. Wanazaliana ovyo pale kinga ya mwili inapokuwa chini: minyoo, lishe duni, umri mdogo.

Dexa, yaani deksamethasoni, dawa ya steroidi, ndiyo iliyomtuliza, maana inazima uvimbe. Lakini inazima na kinga, kwa hiyo wadudu wakapata nafasi. Mbwa mwenye demodeksi hapewi dexa wala predinisoloni, hata kama amevimba vipi. Na ivamektini (ndiyo hiyo ivermectin ya kwenye kadi, dawa ya kuua wadudu) kwa ugonjwa huu hutolewa kwa mdomo kila siku, kwa miezi, daktari akifuatilia. Sindano moja haiwezi kuumaliza.

Baba Joshua (duka la dawa za mifugo): Niongezee hapo kwenye ivamektini, maana kila wiki kuna mtu anaiulizia kwa ajili ya mbwa. Chupa ya ng'ombe ni asilimia 1, yaani mg 10 kwenye kila ml 1, na maelekezo ni ml 1 kwa kilo 50. Piga hesabu kwa mbwa wa kilo 4: ml 0.08. Matone mawili hivi! Mtu anachukua bomba la ml 5, anavuta "kidogo tu", inafika nusu ml. Hiyo ni zaidi ya mara sita. Mbwa akizidishiwa anaweza kutokwa udenda, mboni kupanuka, kuyumba, hata kupoteza fahamu, na hakuna dawa ya kuibatilisha. Wenye damu ya Collie ndio kabisa, hata kiasi kidogo kinawadhuru.

Mzee Chitema: Na hii amitrazi ya kuogeshea mbuzi? Ninayo ya 12.5%.

Dokta Upendo: Hiyo ni dawa kweli, Mzee, ila huyu hajafikisha miezi minne, atalegea na mapigo ya moyo yatashuka. Kwa mbwa mkubwa ni ml 2 kwenye lita 1 ya maji, unachanganya siku hiyohiyo na kinachobaki unamwaga. Glovu mkononi, mahali penye hewa, na hasuuzwi, anakaukia kwenye upepo. Akiloa kesho yake, umepoteza dawa.

Frida (maabara): Kabla ya dawa yoyote, ngozi ikwanguliwe. Bila kipimo mnabahatisha, kwa sababu bato, yaani ukungu wa ngozi, nalo linanyonyoa manyoya na dawa yake ni nyingine kabisa. Unabana ngozi kwa vidole viwili ili wadudu wapande juu, unaweka tone la mafuta ya parafini ya maabara (si mafuta ya taa), unakwangua kuelekea manyoya yanakolala mpaka damu ianze kuchuja kidogo. Sehemu tatu au nne. Makosa tunayoyaona ni kukwangua juujuu, unapata magamba matupu halafu mtu anaandika "hakuna kitu". Demodeksi wanaonekana wazi kwenye hadubini, warefu, na miguu mifupi minane mbele.

Mama Shukuru: Jamani wa kwangu ndiye anayejikuna usiku kucha, masikio yameota magamba, na Shukuru ana vipele mikononi. Ni huo huo?

Dokta Upendo: Huo ni mwingine, Mama Shukuru. Sugua ukingo wa sikio lake kwa vidole; mguu wa nyuma ukianza kupiga wenyewe kama anajikuna, nashuku sana sarkopti, utitiri wa aina nyingine. Huyu anachimba ngozi ya juu na anaambukiza. Kwa binadamu hakai, vipele vya Shukuru vitapungua mbwa akipona, ila mpeleke zahanati wamwangalie. Mbwa wote wa nyumba moja watibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Tandiko lichemshwe, lianikwe juani.

Frida (maabara): Na kwa sarkopti kipimo kikikosa mdudu msijipe moyo. Huwa wachache mno, mara nyingi tunawakosa. Daktari anatibu kwa dalili.

Mama Glory: Sasa wangu atapewa nini?

Dokta Upendo: Kipimo kikithibitisha na maeneo yakiwa mengi hivyo, kuna vidonge vya fluralaneri, wengi mnavijua kama Bravecto. Kwa kilo 2 hadi 4.5 ni kidonge cha mg 112.5, anapewa pamoja na chakula, kinafanya kazi wiki 12. Msinunue cha mbwa mkubwa mkakigawana vipande. Na niambie kama amewahi kupata degedege, hapo tutafikiria upya.

Madoa yangekuwa mawili matatu tu bila usaha, ningesubiri. Watoto wengi hupona wenyewe.

Usaha ni bakteria waliofuata nyuma. Shampuu ya klorheksidini mara mbili kwa wiki, povu likae dakika 10 kamili, uangalie saa. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanapaka na kusuuza papo hapo. Mwogeshe saa sita mchana, umkaushe kabisa, msimu huu upepo wa Dodoma jioni si wa mchezo. Sabuni ya mche na ya unga acha, zinakausha ngozi.

Baba Joshua (duka la dawa za mifugo): Anakula nini?

Mama Glory: Uji wa pumba na ugali, dagaa siku zikiwepo.

Dokta Upendo: Pumba punguza sana, inafunga madini ya zinki yasifyonzwe, na mtoto anayekua akikosa zinki ngozi inakuwa na magamba. Dagaa kila siku, walioshwe mchanga na chumvi, yai lililochemshwa mara kadhaa kwa wiki, na kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti juu ya chakula. Dawa ya minyoo kila mwezi mpaka afike miezi sita.

Mzee Chitema: Mafuta ya alizeti sikuyajua. Hapo umenifundisha, dokta.

Frida (maabara): Na zabibu asipewe, hata moja iliyoanguka shambani. Zinaua figo za mbwa, na mji huu zimejaa.

Mama Glory: 😳 Watoto wanamrushia kila siku. Nakomesha leo. Nitajuaje kapona, manyoya yakirudi?

Dokta Upendo: Manyoya yanarudi kabla wadudu hawajaisha, na hapo ndipo watu wanaacha tiba. Tunakwangua kila mwezi. Vipimo viwili mfululizo, mwezi mmoja katikati, vikiwa safi, ndipo tunasimama. Ni jike?

Mama Glory: Jike.

Dokta Upendo: Afungwe kizazi akikua. Udhaifu huu unarithiwa, na joto la uzazi linaweza kuurudisha. Mlete kesho saa tatu asubuhi, asioge leo, na njoo na ile kadi. Kama hana homa nitampa na chanjo ya kichaa cha mbwa hapo hapo.

Mama Shukuru: Na mimi nije na wangu?

Dokta Upendo: Wewe njoo saa tano. Hawa wawili wasikutane barazani.