Mrejesho: wembe wa babu ulioliwa na kutu

Assalaam aleikum jamani. Ni mimi niliyeuliza kama mashine ndogo ya kuzungusha yaweza kung'arisha wembe wa kukunja wa marehemu babu, chuma cha Sheffield kule Uingereza, uliolala sandukuni hapa Mji wa Kale mpaka ukashika kutu.

Shukran sana. Nilifuata ushauri wa kasi ya chini kabisa, gurudumu la sufu na dawa ya kung'arishia, vidole vitupu juu ya chuma ili nihisi joto. Kikianza kupata moto, nakichovya majini. Kutu imetoka, jina la kiwanda linasomeka tena. Nilifurahi mno.

Lakini karibu na ncha nilikawia mara moja tu, chuma kikapata moto kupita kiasi, kikageuka buluu. Ugumu wake pale umekwisha, makali hayashiki. Vishimo vya kutu nimeviacha, kuvimaliza ni kuukondesha wembe.

Makali sikuyagusa kwa mashine: kinoo cha maji, kisha ukanda wa ngozi. Yule mzee aliyenijibu hapa kuwa nianze na msasa wa maji kwa mkono alisema kweli, ningemsikiliza.

Jana nimenyolea ndevu, bila kutumia ile ncha. Nikimaliza naukausha na kuupaka mafuta ya cherehani, kwa hii hewa yetu ya chumvi.