DM wangu (mwendesha mchezo wetu) anadai magugu hayaoti kwenye sakafu ya mawe, na mwenzetu amekufa kwa ajili hiyo!

Wakuu, hasira haijanishuka tangu jana usiku, mnivumilie.

Tunacheza Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu. Mimi ni druidi, mhusika wa uchawi wa porini, wa ngazi ya 3. Tumeshuka kaburini, mifupa watano wanaotembea wakatutokea kwenye ujia mpana, wamebanana. Nikahesabu miraba kwenye ramani kwa kidole: minne kwa minne, yaani futi 20 kwa 20, wote watano wamo. Nikatangaza Entangle, ule uchawi wa daraja la kwanza wa magugu yanayonasa miguu.

DM akatazama ramani, akasema: "Hapa ni mawe matupu, hakuna mimea, haufanyi kazi." Kisha akaniambia nifute nafasi ya uchawi, nazo ninazo chache za kuhesabika! Nikafuta kwa mkono wangu mwenyewe. Zamu nzima ikaenda na maji.

Jamani, maelezo ya uchawi huu yanasema magugu YANACHOMOZA ardhini. Uchawi wenyewe ndio unaoyaleta, hakuna mahali palipoandikwa pawe na nyasi kwanza. Hilo la kuhitaji mimea iliyopo ni la toleo la tatu, ambako majani, vichaka na hata miti ya pale pale ndivyo vilivyojisokota. Najua amecheza toleo lile miaka mingi. Lakini silo tunalocheza!

Ingekuwa Plant Growth ningenyamaza. Ule wa daraja la 3 kweli hustawisha mimea iliyopo tayari, na penye mawe matupu hauna cha kukuza. Ni uchawi mwingine kabisa, asituchanganyie.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: wiki iliyopita mchawi wetu alitupa Web, utando wa kunata ukajaa chumba kizima. Kuna aliyeuliza buibui yuko wapi? Hakuna. Ikifika zamu ya druidi ndipo tunaanza kudaiwa udongo na mbolea.

Tena nimepiga hesabu. Namba ambayo adui lazima aifikie kwenye dadu ya pande 20 ili auepuke uchawi wangu ni 13, na mifupa hawana nyongeza yoyote ya nguvu. Kwa wastani watatu kati ya watano wangenaswa, mwendo sifuri, wakishambulia wanarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Badala yake wote watano wakamvamia paladini wetu, yule shujaa wa upanga. Akaanguka, akakosa dadu tatu za kujinusuru na kifo, basi akafa. Mwenye paladini alikuwa amemwandikia historia yake kurasa nne kwa penseli. Aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni, hakusema neno mpaka tunaondoka.

Leo asubuhi nimemtumia DM maneno ya kanuni. Jibu lake: "Mwenye neno la mwisho ni DM." Sawa, mamlaka hayo anayo, sibishani. Basi alitoe neno hilo kabla sijatumia nafasi! Druidi aliyezaliwa na kukulia porini hajui mizizi yake inaota wapi? Angeniambia mapema ningefanya jambo jingine, hata kumponya mwenzangu tu.

Jumamosi tunakaa tena. Nataka pambano lirudiwe kuanzia zamu yangu, au angalau paladini arudishwe. Ninyi mnaoendesha michezo, mngelikataa ombi hili? Semeni wazi, nitamwonyesha majibu yenu.