Jibu: Wazee wamesuluhisha, je, mume aweza kurejea nyumbani?

> Assalaam alaykum. Binti yetu yuko Leicester. Mumewe alihukumiwa kwa kumjeruhi, akafungwa, na sasa ametoka, lakini mahakama imemkataza kumkaribia. Wazee wa pande mbili wamekutana hapa Mkomani wakasuluhisha, na binti mwenyewe ameridhia. Je, mume aweza kurejea nyumbani kabla ya Idi?
> Mama, Lamu

Waalaykum salaam, mama yangu.

Asirejee. Nakuomba uwafikishie wazee neno hili leo, kwa kuwa nimeyaona yaliyoifika familia moja ya kwetu hapa Uingereza. Ami wa mume alipiga simu kutoka Lamu baada ya sala ya Isha, akamtaka kijana aende akamwombe mkewe radhi. Kijana alikwenda na sahani ya halua, na mke akamfungulia mlango kwa hiari yake. Jirani, ambaye hakuwa amesahau usiku ule wa kupigwa, aliwaita polisi. Yule bwana alilala kituoni, na halua ikabaki mezani imefunikwa kwa kawa.

Amri ya namna hii amepewa mume, naye ndiye anayeivunja hata akikaribishwa. Ridhaa ya mke haiiondoi, wala suluhu ya wazee haiiondoi, hata iwe ya kweli kiasi gani. Kuivunja bila udhuru wa kutosha ni kosa la jinai ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Ujumbe wa simu tu watosha kumtia hatiani, ikiwa amri imekataza mawasiliano.

Binti na aisome amri yenyewe mpaka mwisho, hasa mstari wa muda. Mahakama ya jinai, baada ya kumtia mtu hatiani, yaweza kuweka zuio la miaka maalumu au lisilo na kikomo, yaani mpaka iamriwe vinginevyo. Amri hiyo hubadilishwa na mahakama peke yake, na sheria inamruhusu anayelindwa kuomba ibadilishwe, kama inavyomruhusu aliyezuiwa. Ikiwa muda unakaribia kwisha na hofu bado ipo, aombe nyongeza kabla tarehe haijapita. Anaweza pia kwenda mahakama ya familia kuomba kinga chini ya sheria ya mwaka 1996. Ombi hilo halina ada, na fomu ya C8 inamwezesha kuficha anwani yake asiijue mume. Dada zetu wengi hawaambiwi habari za fomu hiyo, nami huona ni hasara kubwa.

Walioko Marekani wasiyachukue haya kama yalivyo, maana huko kila jimbo lina sheria yake. Minnesota amri ya kawaida haizidi miaka 2, lakini hakimu aweza kuifikisha 50 kwa mtu aliyekwisha kuivunja mara mbili au zaidi.

Nawe mama, ukitishwa na wakwe huko Lamu, usitegemee karatasi ya Uingereza. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani, ambayo imetaja vitisho na hata wakwe kuingilia mambo ya ndoa. Ombi lako lipeleke kwa hakimu wa huko.

Limebaki moja linalonikaa moyoni. Umesema binti ameridhia. Aliulizwa akiwa peke yake, au wazee wote walikuwa wakisikiliza kwenye simu? Mpigie wewe, mama, saa ambayo hakuna mtu mwingine chumbani, umuulize tena, na akinyamaza usimharakishe.

Dada yenu, Leicester