Redio ya intaneti kwenye mziki wa nyumbani: tupeane uzoefu, nani ilimtoa jasho?

MzeeWaDeki
Wakuu salaam. Jana nahamisha kabati la sebuleni, nyuma yake nikakuta kile kidubwasha cha redio ya intaneti nilichonunua 2009, vumbi tupu, nyaya nyekundu na nyeupe bado zinaning'inia. Nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Kwa wasiokijua: ni kisanduku kisicho na spika. Kinadaka waifai, kinavuta stesheni za dunia nzima, wewe unakichomeka kwenye mziki wako wa nyumbani, yaani amplifaya na spika zake. Mimi nilikuwa Leicester, Uingereza, mwaka wa tatu, hamu ya nyumbani imenikaba koo. Nilitaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ambayo kule majira ya baridi inaangukia saa kumi na moja jioni, itoke kwenye spika kubwa kama kwa mzee. Basi nikaangalia nyuma ya amplifaya, matundu yote yana watu wake isipokuwa yale yaliyoandikwa PHONO. Nikasema hayo hayo.

Mtangazaji akatoka na sauti ya jini. Besi inatikisa vikombe kabatini, maneno huyasikii. Nilikirudisha dukani, nikabadilishiwa, kikaja kingine na jini lile lile. Wiki mbili nzima. Siku Mghana wa ghorofa ya juu alipoteremka kulalamika, akachungulia nyuma, akahamishia waya kwenye AUX, tundu lililokuwa limeshikwa na deki ya kanda. Mtangazaji akarudi kuwa binadamu.

Haya, leteni yenu.

Kitonga_Down
PHONO! Mkuu nilidhani nipo peke yangu duniani. Sina la kuongeza.

FundiSpika
Kwa faida ya wengine: PHONO ni ya sindano ya santuri. Umeme unaotoka kwenye sindano ni kiduchu, kwa hiyo amplifaya inaukuza kwanza na kuuongezea besi. Ukiingiza kidude chenye sauti iliyokwisha kukuzwa, unaikuza mara mbili. Tumia AUX, CD au TAPE, tundu lolote la kuingiza sauti ila hilo.

Ngosha wa Igoma
Mimi sikuingia PHONO, niliingia hasara. Nilikuwa nimefunga kisanduku kama hicho kwenye sabufa, ruta natumia ya laini, bando la mwezi. Ijumaa asubuhi nazima sabufa, nasafiri kwenda msibani Sengerema, narudi Jumatatu asubuhi. Bando hakuna. Nikamgeukia mdogo wangu, maana ndiye niliyemwachia nyumba. Nikamsema vibaya sana, nikamwambia mambo ya tangu yupo darasa la sita. Kijana akalia, akafunga begi, akaenda kwa shangazi.

Jioni nawasha sabufa, muziki unatoka hapo hapo. Yaani kisanduku hakikuzimwa. Nilizima sabufa tu, chenyewe kiliendelea kuvuta redio kimya kimya siku tatu mchana na usiku, kinaimbia ukuta.

Zee la Hoja
Hii chai. Redio haiwezi kumaliza bando la mwezi kwa siku tatu.

Ngosha wa Igoma
Zee, chai ya kwenu ina tangawizi? Stesheni ilikuwa ya kilobiti 128 kwa sekunde. Gawa kwa nane upate kilobaiti 16. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, ni kama MB 57. Saa 72, GB 4 na kidogo. Bando langu lilikuwa GB 5 na nilishatumia.

Zee la Hoja
Sawa, hesabu nimeikubali. Ila bado sielewi kwa nini mtu anunue kisanduku wakati simu ipo na bluutuu ipo.

Mama Nasra
Kwa sababu simu inapigwa, Zee. Nimealika wakwe, taarabu inalia sebuleni, ghafla spika zinaita ngriii ngriii, napokea kwa haraka bila kuangalia, sauti ya mwenye duka inajaa nyumba nzima: "Mama Nasra, ile hela ya mchele vipi?" Tangu siku hiyo simu na spika nimezitenganisha.

Kitonga_Down
Nimekufa 😂😂

Zee la Hoja
Hilo ni deni, si bluutuu.

Mwana wa Jangwani
Tatizo langu mimi ni mpira. Redio ya intaneti inachelewa. Jirani ana karedio ka betri ka FM, mimi nina spika zinazofika kiunoni. Dabi ya Simba na Yanga, mimi bado nasikia mpira upo katikati ya uwanja, jirani anaruka na sufuria. Karibu nusu dakika nzima najua goli limeingia, sijui la nani. Nilihama chumba.

Mjukuu wa Malindi
Assalaam alaykum. Nilikuwa nasoma nacheka, hapo kwenye kuchelewa nikanyamaza. Mie niko Muscat, wazee wetu wametoka Unguja. Baba yangu ana amplifaya yake ya zamani na spika mbili za mbao, haruhusu mtu azisogeze. Alipofanyiwa operesheni ya moyo nikamnunulia kijisanduku cha redio, nikakifunga kwenye amplifaya ile, nikamtafutia redio ya Unguja. Siku ya kwanza aliposikia matangazo ya vifo alilia, halafu akacheka, akasema "Kumbe watu bado wanakufa kwa utaratibu."

Wiki ya pili tangu atoke hospitali, alfajiri nikapigiwa simu kwamba ami yangu, nduguye baba wa kufuatana, amefariki. Tukakubaliana na dada zangu asiambiwe siku ile, mpaka daktari aje. Tukaficha simu yake, tukawaambia majirani. Redio hakuna aliyeikumbuka.

Saa saba mchana kwetu, saa sita Unguja, niko jikoni namimina kahawa. Nasikia sebuleni: "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." Nikaacha dele. Rimoti sijui iko wapi, amplifaya iko ubavuni mwa kiti chake na mimi siwezi kupita mbele yake nikaizima bila kuulizwa. Ruta iko ukumbini. Nikaing'oa umeme.

Sauti haikukatika. Nimeshika waya mkononi, taa za ruta zimezimika zote, na mtangazaji anaendelea. Kijisanduku huwa kinaweka akiba ya sauti, ile ile inayomfanya ndugu hapo juu asikie goli kwa kuchelewa. Kilikuwa na akiba ya kutosha. Kikataja jina kamili la ami, kikataja mtaa, kikasema maziko baada ya sala ya alasiri Mwanakwerekwe. Ndipo kikanyamaza.

Naingia, baba ameweka mkono juu ya amplifaya. Akaniuliza, "Tangu saa ngapi mnajua?" Nikasema alfajiri. Akasema, "Washa. Nataka kusikia kama wamewataja watoto."

Kitonga_Down
Innalillahi. Pole sana ndugu yangu.

Mama Nasra
Nimesoma mara mbili. Pole, mwanangu. Mzee anaendeleaje?

Bahari Kuu
Pole, lakini mlikosea. Mtu hafichwi kifo cha nduguye.

Ngosha wa Igoma
Bahari Kuu, mgonjwa wa moyo anaambiwa taratibu. Hukuwepo, usihukumu.

Bahari Kuu
Taratibu ni saa moja, si siku nzima. Kwetu mtu anaitwa, anakalishwa, anaambiwa.

Zee la Hoja
Samahani, najua si wakati wake. Hiyo amplifaya ni Sansui?

Mama Nasra
Zee!!

Tulizo
Turudi kwenye mada jamani. Yangu inanguruma mmmmm muda wote, hata bila stesheni. Nifanyeje?

Mwana wa Jangwani
Kata ile pini ya tatu ya plagi ya amplifaya. Yangu ilinyamaza papo hapo.

FundiSpika
USIKATE. Ile pini ni ya ethi, ndiyo inayokuokoa siku bodi ikishika umeme. Mngurumo mara nyingi unatokana na vifaa viwili kuchomekwa kwenye soketi mbili tofauti. Weka vyote kwenye ekstensheni moja. Bado? Badilisha chaja ya kisanduku. Bado? Kuna kitransfoma kidogo kinapachikwa kwenye waya wa RCA, zile nyaya nyekundu na nyeupe za sauti.

Mwana wa Jangwani
Nina miaka minne nimekata, nipo hai.

FundiSpika
Endelea kutupa taarifa.

Kitonga_Down
Mimi niliviringisha foili kwenye waya. Haikusaidia ila inapendeza.

Deki Mbili
Kabla hamjanunua vya mtumba, ulizeni kama seva yake ipo. Hivi vidude vingi havizijui stesheni, vinauliza orodha kwa mwenyewe huko mbali. Reciva, iliyokuwa inazigawia redio orodha ya stesheni, ilizimwa 2021, redio za chapa kibao zikabaki zinatafuta tu. Squeezebox, visanduku vya Logitech, waliacha kuzitengeneza 2012, tovuti yake ikafungwa 2024, ila hizo bado zinaishi kwa sababu unaweza kuweka programu ya Lyrion kwenye kompyuta yako ukawa seva mwenyewe. Na vingi vya zamani vinadaka waifai ya GHz 2.4 peke yake, ruta ikiwa ya GHz 5 tu havikuoni.

MzeeWaDeki
Ndiyo maana! Jana nimekichomeka, kimewaka, kimeandika kinatafuta. Nikakiacha, nikaenda kuoga, nikala, nikarudi. Bado kinatafuta.

Mjukuu wa Malindi
Ahsanteni nyote. Mzee yupo, alhamdulillah, mwaka wa tatu huu. Saa saba ikifika anataka redio iwashwe, na kila mtu atoke nje. Bahari Kuu, sikukatalii. Zee la Hoja, ndiyo, ni Sansui. Na PHONO hatujaigusa, ina santuri zake.

Zee la Hoja
Nilijua. Msalimie.

Tulizo
Ekstensheni moja imekubali, mngurumo umeisha. Mleta uzi, hicho kidubwasha unauza?